Nimetuma maombi 40 ya kazi na hakuna aliyenijibu. Nakosea wapi?

SWALI: Shikamoo Bi. Mimi ni binti wa Langoni, Lamu. Nilimaliza diploma ya uendeshaji wa hoteli mwaka jana, na nilifanya mafunzo ya kazini miezi mitatu kwenye mapokezi ya hoteli moja Watamu. Tangu Machi nimetuma maombi zaidi ya 40 kwa mtandao: hoteli za Malindi, Watamu, Shela, hata kaunti. Sijajibiwa, ila mtu mmoja aliniandikia kwa WhatsApp kwamba nimechaguliwa, nitume shilingi 1,500 za sare pamoja na picha ya kitambulisho. Kitambulisho nimeshamtumia. Pesa bado. Nakutumia barua nne kati ya hizo pamoja na matangazo yake, uniambie nakosea wapi.

JIBU: Marahaba mwanangu, na ahsante kwa kuniamini na barua zako.

Nianze na lile la haraka. Hizo 1,500 usitume. Mwajiri wa kweli hakuombi pesa ndipo akupe kazi, iwe ya sare, ya usajili au ya kufungua faili. Sare utaikuta kazini. Zipo gharama za halali ambazo mtu wa hoteli hukutana nazo, lakini hizo hazilipwi kwa simu ya mtu. Cheti cha afya cha wanaoshika chakula, kinachodumu miezi 6, wakifuata hospitalini mwenyewe, wapimwa na kulipa hapo hapo. Cheti cha tabia njema cha polisi ni shilingi 1,050 kupitia eCitizen. Mtu akikutajia malipo kisha akakupa namba ya M-Pesa yenye jina la mtu, mazungumzo yameishia hapo.

Kinachoniuma zaidi ni kitambulisho. Picha ya pande zake mbili, mikononi mwa tapeli, yaweza kusajilia laini ya simu kwa jina lako, na laini hiyo ikatumiwa kukopa pesa. Leo hii bonyeza *106# kwenye laini yako ya Safaricom uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda kwa Safaricom ukaikane. Namba ya huyo mtu itume kwa ujumbe mfupi kwenda 333, namba ya Safaricom ya kuripoti utapeli. Mazungumzo yenu usiyafute; yapige picha yote, uyapeleke kituo cha polisi ili paandikwe kwamba kitambulisho chako kimo mikononi mwa mtu usiyemjua. Wala usione haya. Nimewahi kukaa na watu wazima, wenye elimu na kazi zao, wakinieleza mambo haya haya huku machozi yakiwalenga.

Siku nyingine ukiambiwa umechaguliwa kwa kazi ambayo hata hukuhojiwa, itafute namba ya hoteli mahali pengine, si ile iliyokuja na ujumbe, upige mapokezi uulize. Anwani ya Gmail peke yake haitoshi kukwambia huyu ni tapeli, kwa sababu nyumba nyingi za wageni pale Shela zatumia Gmail hiyo hiyo. Za serikali ndizo zenye alama: huishia na .go.ke, na mtu binafsi hawezi kujisajilia anwani ya namna hiyo. Na kama shangazi au jirani atakuletea habari ya kazi ya Ghuba, usitoe pasipoti kabla hujaliona jina la wakala kwenye orodha ya waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Sasa barua zako.

Nimezisoma mara mbili, na jambo la kwanza nataka ulishike ni hili: sioni hata moja ambapo ulipimwa ukaonekana hufai. Umenihesabia maombi 40 kama makofi 40 ya uso. Mimi nilikaa miaka 11 kwenye ofisi ya wafanyakazi ya hoteli moja Malindi, nikisoma barua kama zako, na nakuambia kwa ninavyoijua kazi ile, nyingi kati ya zako zilianguka kabla mtu hajafika kwenye jina lako. Kosa la namna hiyo larekebishika, tena kwa wiki moja.

Tazama ile ya tarehe 9 Mei. Kwenye mstari wa anwani umeweka hoteli 23 kwa pamoja. Kila aliyeifungua aliziona zote 23. Meneja wa Watamu aliona kwamba barua hiyo hiyo, neno kwa neno, imekwenda kwa jirani yake anayegombania wageni naye, na kwa hoteli ya Shela, na kwa nyingine iliyofungwa zamani. Mimi nilipokuwa nikipokea barua ya hivyo sikuisoma. Sikuwa na chuki na mtu. Niliona tu kwamba huyu hajataka kazi kwetu, ametaka kazi popote, na mwenzake aliyeandika kwetu peke yetu yuko chini yake kwenye orodha.

Halafu kichwa cha barua: "Maombi ya kazi". Kazi gani? Tangazo lilikuwa la mpokezi wa wageni na lilikuwa na namba yake ya kumbukumbu. Hoteli ikitangaza nafasi za jikoni, za bustani na za mapokezi wiki moja, kichwa ndicho kinachogawanya barua. Andika nafasi, namba ya tangazo na jina lako, basi.

Kiambatisho nacho kiliitwa "Document1 (7)". Nilipokifungua nikakuta wasifu wa kurasa nne, kisha picha za vyeti zilizopigwa kwa simu. Cheti cha diploma kimelazwa juu ya mkeka, kona moja imekatika, mwanga wa simu umefuta namba ya cheti, na kidole gumba chako kimeziba daraja. Nilitabasamu kwa huruma, maana ulikipata kwa jasho cheti kile, na daraja lake ni zuri. Anayekisoma kwa simu yake baina ya muuza samaki anayedai malipo na mgeni anayelalamikia maji ya moto hatakuandikia akuombe picha nyingine. Simu yako ina programu ya kuskani bure. Vipige upya mchana, karibu na dirisha, juu ya meza tupu, uviunganishe kwenye PDF moja isiyo nzito. Faili iite jina lako na nafasi unayoomba.

Hayo ni ya mkono tu, utayamaliza kwa siku moja. Kilichonisikitisha ni tangazo la Watamu.

Nimeliweka mezani, na barua yako kando yake. Tangazo lilitaka mambo matatu: mtu aliyewahi kutumia programu ya kuwekea wageni nafasi, mtu anayejua Kiitaliano cha kuanzia, na mtu anayeweza kuanza tarehe 1 Julai. Barua yako inasema wewe ni "kijana mchapakazi, mwaminifu, mwenye ari ya kujifunza na kufanya kazi chini ya shinikizo". Maneno hayo nimeyasoma mara nyingi mno, na huenda kijana wa saiba, lile duka la intaneti, ndiye aliyekuwekea. Hakuna lililoulizwa ambalo limejibiwa. Nikasogea kwenye wasifu. Ukurasa wa tatu, chini ya mambo unayoyapenda, baada ya kuogelea na kusoma riwaya, nikakuta umeandika: "naongea Kiitaliano kidogo, nilifundishwa na wageni Watamu". Mwanangu! Lulu umeitupa mchangani. Miji ya Malindi na Watamu imeishi na Waitaliano miaka na miaka. Hiyo ndiyo sentensi ambayo meneja alikuwa akiitafuta, na umeificha chini ya kuogelea. Ukurasa wa pili nikaona pia kwamba kwenye mafunzo yako ulikuwa ukiingiza nafasi za wageni kwenye kompyuta kila jioni. Mambo mawili kati ya matatu ulikuwa nayo mkononi.

Barua ya kazi ni majibu ya tangazo. Lichukue tangazo, uyapigie mstari yale wanayoyataka, uyajibu moja moja kwa ushahidi ulio nao. Kwa lile la Watamu ningeandika hivi, kwa lugha ile ile iliyotumiwa kwenye tangazo:

"Naomba nafasi ya mpokezi mliyoitangaza. Nilifanya mafunzo ya miezi mitatu kwenye mapokezi ya hoteli Watamu, ambako niliingiza nafasi za wageni kwenye kompyuta kila zamu ya jioni na kuwapokea wageni wanaofika. Naweza kumsalimu mgeni kwa Kiitaliano, kumuandikisha na kumuelekeza chumbani. Mazungumzo marefu bado najifunza. Niko Lamu, na naweza kuwa Watamu kuanza kazi tarehe 1 Julai. Wasifu na vyeti vyangu viko kwenye faili moja niliyoambatisha."

Basi. Anayeisoma anajua afanye nini na wewe. Ona pia nilivyokiandika hicho Kiitaliano: kwa kiwango chake. Usikitie chumvi, kwa sababu mwenye hoteli akikupigia simu ataanza kwa "buongiorno" na kuendelea, na ndani ya dakika moja atajua. Vivyo hivyo vyeti. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba uhakiki wake umefichua vyeti zaidi ya 2,000 vya kughushi miongoni mwa watumishi. Najua wewe hujafanya hilo, lakini najua pia kuna watu wanaokuambia "ongeza mwaka mmoja wa uzoefu, nani ataangalia?" Huangaliwa. Simu moja kwa hoteli uliyoitaja yatosha.

Wasifu wako upunguze uwe kurasa mbili. Namba ya kitambulisho, dini, na kama umeolewa au la, viondoe. Havimsaidii anayeajiri kukupima, na Sheria ya Ajira ya 2007 inamkataza kukubagua kwa mambo kama dini. Picha usiweke mpaka waitake. Wakiitaka, piga na ushungi wako kama utakavyokwenda kazini, uso uonekane vizuri.

Sasa nakuja kwenye lile lililonikosesha usingizi, na ningependa ulisome polepole. Barua ya tatu haikutoka kwenye anwani yako. Imetoka kwenye anwani yenye jina la saiba. Na ya nne imetoka kwenye anwani yenye jina lako, lakini umenieleza kwamba nenosiri "analo yule kijana aliyenifungulia".

Nikusimulie. Msimu mmoja nilikuwa na nafasi mbili za mapokezi. Kijana mmoja kutoka visiwani, ambaye barua yake niliipenda, nilimuandikia aje Alhamisi kwa mahojiano. Hakujibu. Nikapiga simu, namba ilikuwa ya saiba, na aliyepokea hakumkumbuka. Nilingoja mpaka Jumamosi, nikamchukua mwingine. Wiki tatu baadaye kijana akaja mwenyewe mpaka getini kuulizia kama barua yake ilifika. Mwaliko wangu alikuwa hajauona, kwa sababu kisanduku hakikuwa chake. Nilimuonyesha kwenye kompyuta. Alisimama pale akiusoma, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama bado inawezekana. Haikuwezekana. Nimewasahau wengi niliowaajiri, ila sura yake siku ile sijaisahau.

Kwa hiyo, kabla ya barua nyingine yoyote, fungua anwani mpya kwa simu yako mwenyewe. Iwe na jina lako tu, bila namba za kuzaliwa wala majina ya utani. Namba ya kurejeshea akaunti iwe yako. Nenosiri usimpe mtu, hata saiba. Ukienda kuchapisha, jitumie faili na ukimaliza ujitoe kwenye kompyuta yao. Kisha rudi kwa yule kijana, kwa heshima, mwambie akufungulie ile anwani ya zamani mbele yako, ubadilishe nenosiri na namba, uvisome visanduku vyote, na kile cha barua taka pia. Umetuma maombi 40 tangu Machi. Sitashangaa ukikuta mtu alikujibu.

Na hapo hapo angalia simu. Namba moja haitoshi kwa mtu anayevuka na kulala Pate au Faza mara kwa mara, ambako mtandao huja na kuondoka. Weka ya pili, ya kaka au ya mama, lakini umwambie kwamba umemuweka, na kwamba mtu akiuliza jina lako asijibu "hayupo" akakata.

Nimeona tatizo jingine ambalo sisi wa pwani latupata kuliko wengi. Kitambulisho chako kinasema Fatma. Cheti cha kidato cha nne kinasema Fatuma. Diploma imeandika jina la babu kabla ya la baba, na kwenye fomu ya kaunti, palipoulizwa jina la ukoo, umeweka la baba, na kwenye fomu nyingine la babu. Kwetu sisi hakuna ajabu. Fatma ni Fatuma, na Khadija ni Hadija, na kila mtu mtaani ajua wewe ni binti wa nani. Karani aliye na orodha ya mamia ya watu ataona watu watatu. Tangu leo fuata kitambulisho, herufi kwa herufi, kwa mpangilio ule ule, kila fomu. Kwa vyeti vilivyotofautiana, nenda kwa wakili au kamishna wa viapo, uape hati inayosema kwamba majina haya yote ni ya mtu mmoja, ndiye wewe, uiskani pamoja na vyeti. Usingoje kuitwa ndipo uitafute.

Kwa kazi za kaunti na za serikali nina machache. Fomu za mtandaoni zijaze siku tatu nne kabla ya kufungwa, kwa kuwa saa za mwisho mfumo huelemewa, na ukikwama hakuna wa kumlilia. Andika majibu yako kwanza pembeni, kisha unakili, maana bando likikata katikati waanza upya. Ukimaliza, lipige picha lile neno la kuthibitisha kwamba maombi yamepokewa. Kuhusu ile 1,050 ya polisi pamoja na karatasi za KRA (kodi), HELB (mikopo ya masomo), EACC (maadili na ufisadi) na CRB (rekodi za mikopo), usizikimbilie zote kwa kila tangazo. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022 yanasema mwajiri asimtake mwombaji vyeti hivyo mpaka awe anakusudia kumpa mkataba. Utaona bado matangazo yanavitaka mapema. Kazi ikiwa yakufaa kweli utaamua mwenyewe, lakini usikope kwa ajili ya karatasi za kazi 40.

Jambo la saa nalo lisikupite. Ukiandikiwa mahojiano ya simu ni 10:00, hiyo ni saa 4 asubuhi, si saa 10 jioni. Utacheka, lakini nimewangoja watu. Na kama mwenye hoteli yuko Italia, uliza ni saa za wapi, kwa sababu wao wako nyuma yetu kwa saa 2 wakati wa baridi yao, na saa 1 wakati wa joto.

Mwisho ni msimu, na hapa huna kosa ila umekosa mtu wa kukwambia. Barua zako nyingi zimekwenda Aprili na Mei. Kusi likishika na masika yakianguka, wageni huondoka; hoteli kadhaa za Lamu na Malindi hufunga Mei na Juni, zilizobaki hupunguza watu. Barua inayoingia wakati huo yakuta ofisi tupu. Kuajiri huamka wiki za mwisho za Juni kwa ajili ya Julai na Agosti, kisha tena Oktoba na Novemba kabla ya kaskazi na Krismasi. Andika wakati huo, wiki mbili au tatu mbele. Kwa hoteli za Shela usiishie kwenye mtandao: tuma barua asubuhi, na siku ya pili yake tembea kwa ufuo mpaka huko, uvae vizuri, ubebe nakala, umuombe mtu wa mapokezi akwambie kama imefika na nani huisoma. Huko hoteli ni chache na watu wajuana. Jina lako likitajwa mezani na mtu aliyekuona, barua hutafutwa.

Kwa hiyo wiki hii usitume maombi. Jumatatu laini za simu na polisi. Jumanne barua pepe. Vyeti uviskani, hati ya kiapo uifuatilie. Kisha chagua matangazo matatu tu, yale ambayo una ushahidi wa kuyajibu, uandike barua tatu tofauti. Lile la Watamu naona linafungwa tarehe 20 Juni. Hujachelewa kuliandikia upya, kwa anwani yao peke yao na kwa jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho. Nitumie barua hiyo kabla hujaituma, niisome. Kiitaliano kiwe aya ya kwanza.